Sentimita Kumi za Kapitolina

Talanka, Ziwa Baikali
Tarehe 11 Machi, 1984

Mdogo wangu Glafira,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, penye jua lako na bahari yako, wewe na shemeji Valerian na wasichana wenu wawili ambao nawajua kwa picha tu. Natumaini nyote ni wazima, na kile kifua chako kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Mimi naendelea. Magoti yananiuma wakati wa baridi, na kwa kuwa hapa kwetu baridi hubisha hodi Septemba na kuaga Mei, hesabu mwenyewe siku ninazopumzika. Machenza uliyonitumia Mwaka Mpya yalifika. Yaliganda njiani, tarishi alipoyamwaga mezani yakalia ko, ko, ko, lakini niliyayeyusha nikayala yote siku ile ile, na maganda nikayaanika juu ya jiko ili nyumba inukie. Asante. Kwa miaka kumi hujakosa hata Mwaka Mpya mmoja, na mimi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba mdogo wangu ana moyo.

Uliniuliza habari za majira. Mwaka huu ziwa lilitia ubishi kweli kweli. Desemba uani kulikuwa na nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri, ndoo zinapasuka, mbwa anakataa kutoka nje, na ziwa lenyewe bado lina nyuzi tatu juu ya sifuri, linafuka mvuke mchana kutwa kana kwamba kuna mtu anapika supu huko chini. Halikuganda mpaka tarehe kumi na mbili Januari. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku nateremsha kipimajoto majini, nahesabu dakika tano, nasoma, naandika. Julai iliyopita uani ilikuwa thelathini na moja, watalii wakaja wakivuja jasho, wakajitupa majini kwa shangwe. Maji yalikuwa nyuzi tisa. Walitoka wakipiga mayowe wamekuwa wekundu wote, mmoja akanifokea eti kwa nini hakuna kibao cha kuonya watu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nchi kavu hupata moto mara moja na kupoa mara moja, lakini ziwa huchelewa. Joto la Julai hulitoa Desemba, na baridi ya Januari huitunza mpaka Juni. Nimeishi nalo miaka hamsini na saba, nadhani limeniambukiza, maana jambo lililonipata mwaka wa sabini na nne nimekuja kulishughulikia mwaka huu.

Acha nikusimulie tangu mwanzo. Mengi unayajua, tena kuliko mtu mwingine yeyote, lakini leo nataka yakae yote kwenye barua moja.

Unakumbuka Lukyan wangu ndiye aliyekuwa mpimaji wa ziwa. Majira ya baridi alikuwa akitoka na mtaimbo, anatoboa barafu, anaingiza ile rula yenye kulabu, anasoma unene na kuuandika kwenye daftari kwa penseli, kwa sababu wino huganda. Sheria ilikuwa moja: lori lenye mzigo halikanyagi barafu iliyo chini ya sentimita thelathini na tano, na mkuu wa magari wa ushirika wa samaki lazima alione daftari kwa macho yake na kutia sahihi kabla lori halijaondoka. Mkuu huyo alikuwa Prokopi Zubakin. Januari ile nayo ziwa lilichelewa. Mashua zilikuwa zimekwisha kufungwa, barafu haijakomaa, na sisi wa Talanka tulikuwa tumefungiwa upande wetu kama kila mwaka. Wewe ulikuwa kwetu na tikiti yako ya treni mkononi, na harusi yako ilikuwa inakusubiri Sukhumi.

Jumamosi ile Lukyan alipima sentimita ishirini na sita. Alinitajia mezani, nawe ulikuwepo, na alimtajia Prokopi nje ya duka. Alasiri mimi na Lukyan tukaenda kwenye bafu la mvuke, wewe ukasema una mafua, ukabaki nyumbani. Jumapili asubuhi lori likaondoka na mapipa ya samaki pamoja na sanduku lako la harusi. Senka, mwana wa Ustinya, alikuwa kwenye usukani, mlango ameuacha wazi apate kuruka barafu ikivunjika, nawe ulitembea nyuma kwa miguu, kama abiria wanavyofanya barafu ikiwa changa. Lilifika kilomita ya nne likazama, na Senka akazama nalo. Wewe uliendelea kwa miguu mpaka ng'ambo kuita watu, watu wakaja wakakuta tundu tu, na jioni ile ukapanda treni yako. Sikukulaumu. Nilisema maskini mtoto wa watu, macho yake yameona yasiyoonwa, mwache aende asilitazame tena ziwa hili.

Daftari lilipofunguliwa likakutwa limeandikwa thelathini na sita, na sahihi ya Prokopi chini yake. Lukyan alisema yeye aliandika ishirini na sita. Nani amwamini? Mimi nilikumbuka jambo moja. Tulipotoka kuoga siku ile ya Jumamosi nilikuta nyayo za Prokopi kwenye theluji ya ngazi zetu, za kuingia na za kutoka, maana buti lake la kushoto lina chuma kisiginoni na hakuna mwingine mwenye buti la namna hiyo. Nilimwambia hakimu. Hakimu akanijibu kwamba Prokopi alikwenda kutia sahihi, kama sheria inavyotaka, na akaniomba nikae. Lukyan akapewa miaka mitatu. Alirudi na kikohozi cha kupasua mbavu, akafa majira ya kuchipua ya pili tangu arudi. Ustinya alikuwa akitema mate kwenye lango letu kila akipita, na siku ya mazishi alisimama barabarani akatema hapo pia. Sikumchukia. Alikuwa na mwana mmoja.

Niliyemchukia ni Prokopi, na nilijua ninachokitaka kwake: aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba ndiye aliyelibadili daftari la mume wangu, kisha afe. Kwa utaratibu huo huo, asianze na kufa.

Nilichukua kazi ya Lukyan. Watu walidhani ni kwa ajili ya kumbukumbu, wengine wakadhani ni kwa ajili ya kuni za bure. Nilitaka tu nikae pale ambapo Prokopi hawezi kupita bila kuniuliza neno. Kila asubuhi ya msimu wa barafu unene huandikwa kwa chaki kwenye ubao mlangoni kwangu, na tangu mwaka wa kwanza niliandika pungufu. Kwenye daftari la ofisi naandika kweli tupu, lakini ubaoni natoa sentimita kumi. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Senka, asije akazama mwana wa mtu mwingine, na kijiji kizima kilijua. Wanaume wakisimama mbele ya ubao utawasikia: "Haya, weka kumi za Kapitolina, inakuwa ngapi?" Na Prokopi, ambaye angefaa kunyamaza kuliko wote, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Kapa," aliniambia mara moja mbele ya wanawake wanaoteka maji, "woga wako unatosha vijiji vitatu. Tugawie jirani zako!" Nilitabasamu. Nilikuwa nimejifunza kutabasamu.

Sasa sikia ya Januari hii. Unakumbuka desturi ya wa kwanza kuvuka. Hakuna gurudumu la mwingine linalokanyaga barafu mpya mpaka mtu mmoja, kwa miguu au kwa gari, aende ng'ambo na kurudi na mkate wa kituo cha treni, na mtu huyo ndiye anayewashiwa bafu, anaingia kwenye mvuke wa kwanza, na mwaka mzima anatembea kifua mbele. Prokopi amekuwa wa kwanza mara sita. Ana miaka sitini na nne, amestaafu, ana gari lake la zamani la magurudumu manne ya kuvuta, na akivuka huvuka peke yake kwa sababu hataki kugawana sifa. Tarehe ishirini na tatu alisimama mbele ya ubao wangu tangu asubuhi, kofia ya manyoya imesukumwa nyuma, anapiga mluzi. Gari lake linataka sentimita ishirini na mbili. Ubaoni palikuwa na kumi na nne.

Akasema, "Kumi na nne, yaani ishirini na nne." Nikamwambia nimeandika kumi na nne, na kusoma anajua. Akacheka, akawageukia wale wanawake wenye ndoo, akawaambia, "Mnamsikia? Miaka yote hii bado ananitisha na chaki yake!" Wanawake wakacheka. Nami nikarudia mara ya pili, mbele yao, kwamba ni kumi na nne. Akanipungia mkono, akafungua milango yote miwili ya gari na kuifunga kwa kamba isijirudishe, akafungua vifungo vya koti, akashuka ziwani.

Nilisimama kwenye ngazi nikamtazama. Alikwenda kama mita mia sita hivi. Hapakuwa na mlio mkubwa. Gari liliinama nyuma, likakaa kidogo kama linafikiri, kisha likashuka. Nilitazama saa yangu, ilikuwa saa tatu kasoro dakika nane. Asubuhi ile maji chini ya barafu yalikuwa sifuri nukta tatu, nilikuwa nimeyapima mwenyewe. Kwenye maji ya namna hiyo vidole hufa kwanza, katika dakika tano, halafu mikono, halafu mtu anaanza kusinzia. Wanaume walikuwa kwenye banda la nyavu, wakaanza kukimbilia kamba. Mimi nilikuwa karibu zaidi, na kwenye kituo changu cha kupimia ubao mrefu na upondo havikosi ukutani. Nikavichukua nikaenda. Sikukimbia, Glafira. Kila mtu atakwambia juu ya barafu nyembamba haikimbiliwi, na kweli ndivyo. Lakini ningeweza kutembea upesi zaidi.

Nilimkuta ameegemeza viwiko kwenye ukingo wa barafu, kofia haipo, nywele zimeganda. Nikalala kifudifudi juu ya ubao, nikamsukumia upondo, nikauacha mbali naye kiasi cha mkono mmoja. Nikamuuliza nani alibadili daftari la Lukyan.

Akasema, "Nivute, Kapa."

Nikamuuliza tena. Akasema si yeye. Nikaurudisha upondo nyuma kidogo, auone unavyorudi. Nilikuwa nimeota siku hiyo miaka kumi, na nakuambia bila aibu kwamba moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, nilikuwa nasikia hata ndoo za wale wanawake zikigongana ufukweni. Akapiga kelele jina lako. "Glafira! Mdogo wako!" Nikamwambia ni mwongo, ni mwongo hata kaburini, nikaurudisha upondo tena. Hapo aliacha kunisihi. Meno yalikuwa yanamgonga hata maneno yanakatika, akasema, "Basi niache. Lakini jiulize nani alinifungulia mlango."

Niliusukuma upondo mpaka mikononi mwake. Sijui niliuamuru mkono au uliamua wenyewe. Hakuweza kushika, vidole vimekwisha, akaukumbatia kwa viwiko nami nikavuta, na wanaume wakafika na kamba wakamalizia.

Amekatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Yuko hai. Na mimi, mdogo wangu, nimekuwa shujaa. Wameniletea maandazi ya samaki, maandazi ya kabichi, na mwenyekiti wa kijiji anataka nipewe hati ya pongezi yenye muhuri. Cheka, una haki ya kucheka.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali alikuja kwangu mchana, akakaa kwenye kiti cha Lukyan bila kuombwa, mkono umefungwa bendeji kubwa. Alisema yote. Kwamba Jumamosi ile wewe ndiye uliyemwita. Kwamba ulimfungulia mlango unacheka, ukampa daftari likiwa limefunuliwa, ukamwambia shemeji yako alikosea asubuhi, amepima tena, ni thelathini na sita. Kwamba aliona karatasi imesuguliwa mpaka imekuwa nyembamba penye ile mbili iliyogeuka tatu, na alijua, na alitia sahihi hata hivyo kwa sababu makao makuu yalikuwa yakimpigia simu kutwa kuulizia yale mapipa. Na mahakamani alinyamaza kwa sababu angekutaja wewe angejitaja na yeye. Nilimwambia ni mwoga anayenuka. Akasema, "Ndiyo." Siku ya pili yake alikwenda kwenye banda la nyavu, akavua kofia mbele ya wanaume wote, akasema sehemu yake: kwamba Lukyan aliandika kweli, na yeye Prokopi alitia sahihi juu ya uongo huku anaujua. Nilimwandikisha na barua ya kwenda kwa mwendesha mashtaka wa wilaya. Aliiandika kwa mkono wa kushoto kwa muda wa saa tatu nzima, anatokwa jasho, na kila alipoharibu nilimpa karatasi nyingine. Jina lako bado hajalitaja kwa mtu, nilimwomba alinyamazie kwanza. Jumapili iliyofuata kulikuwa na watu kaburini kwa Lukyan, wamesimama vichwa wazi kwenye nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.

Kwa hiyo nimelipata nililolitaka, nusu yake. Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Kwanza nikuambie nilivyojiona mjinga. Miaka kumi nimezihesabu nyayo za aliyeingia, na nyumbani mlikuwa na mtu mmoja tu. Halafu nikuambie juu ya Lukyan. Siku za mwanzo pale kizuizini alishikilia kwamba aliandika ishirini na sita. Kisha siku moja, mbele ya hakimu, akasema tu, "Labda nilikosea," na hakusema zaidi. Nilidhani wamemvunja. Kumbe siku hiyo ndiyo waliyomwekea daftari mezani akaliona. Aliujua mwandiko wako, Glafira, ndiye aliyekufundisha kuandika tarakimu ukiwa na miaka sita, ulipohamia kwetu mama alipofariki. Alikutazama kwenye karatasi ile akaamua mke wake abaki na mdogo wake. Alikwenda kufungwa kwa ajili hiyo. Na alipokuwa anakufa, nilipomwapia kwamba nitamwangamiza Prokopi, alinishika mkono akasema, "Liache, Kapa, usilichimbe." Nilidhani ananihurumia mimi. Alikuwa anakuficha wewe mpaka pumzi ya mwisho.

Na kwa nini? Hili ndilo linalonifanya niume mto usiku kitandani. Ungeweza kutembea. Barafu ya sentimita ishirini na sita inabeba mtu na farasi wake. Kituo cha treni kiko kilomita kumi na tano, na siku ile baada ya Senka kuzama ulizitembea zote zilizobaki, peke yako, ukawahi treni. Ulihitaji lori kwa ajili ya sanduku. Kwa ajili ya birika la mama la kuchemshia chai, mto wa manyoya na sahani sita za maua. Vyote viko chini huko, pamoja na Senka. Natumaini chai ya Sukhumi ni tamu hata bila birika hilo.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile kumi na nne ya ubaoni ilikuwa kumi na nne. Asubuhi ile sikutoa kitu. Nilipima, nikaandika kwenye daftari kumi na nne, nikaenda ubaoni, nikashika chaki, nikaandika kumi na nne, nikijua kwamba Prokopi ataongeza kumi na gari lake litazama. Nilijua hakuna mwingine atakayeshusha gari kabla yeye hajarudi, desturi haimruhusu. Nilimwambia kweli mara mbili mbele ya mashahidi, na kila herufi kwenye daftari langu ni safi, na nilikuwa namuua. Prokopi analijua. Alipokuwa ameketi hapa aliniuliza, "Kumi na nne ilikuwa kumi na nne, au siyo?" nami nikammiminia chai. Hakuuliza tena. Wewe uliongeza kumi kwa penseli na mimi niliacha kupunguza kumi kwa chaki, kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu msafi. Nakuambia wewe kwa sababu wewe peke yako huwezi kunishitaki. Ukitaka kujaribu, barua hii iko mikononi mwako, mpelekee unayemtaka, lakini utalazimika kumsomea yote.

Tofauti yetu ni moja tu. Mimi nilikwenda na upondo, hata kama sikukimbia. Wewe ulitazama ng'ambo ukaondoka.

Nilifikiri sana nikufanye nini. Nilifikiri kumwandikia Valerian. Nilifikiri kuipeleka barua ya Prokopi ikiwa na jina lako ndani. Nilifikiri pia kunyamaza na kuendelea kula machenza, kwa sababu nilikulea, nilikuosha nywele kwenye beseni hili hili lililo mbele yangu, na kuna saa nakukumbuka nikalia kama mwendawazimu. Kisha nikaona kwamba kisasi hiki si changu peke yangu, tena mimi si wa kwanza kwenye mstari. Nikavaa koti, nikaenda kwa Ustinya.

Alinifungulia, akanitazama kama mtu anayetazama takataka zilizopeperushwa na upepo. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, maneno machache, wewe na daftari na sanduku. Nilitegemea apige kelele. Alikaa kwenye benchi, akazivua buti zake za manyoya, akazivaa tena. Akaniambia niingie. Ni mara ya kwanza kwa miaka kumi. Tulikaa hata supu ikapoa, na aliponisindikiza aliniomba kitu kimoja tu, anwani yako. Nimempa. Nimemwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, na mtaa na nambari ya nyumba na ghorofa.

Anaondoka hapa Alhamisi kuja kwako. Hajapanda treni tangu azaliwe, lakini mpwa wake atampokea Moscow na kumpandisha nyingine, na barua hii, posta ikiwa na huruma, itamtangulia siku mbili. Ana miaka sabini na moja, kwa hiyo mpokee kwa heshima. Yuko kwenye mfungo wa Kwaresima, hali nyama, hali samaki, hanywi maziwa, mpikie viazi na uyoga. Ngazi zinamchosha, mmoja wa wasichana ashuke kumshika mkono. Kitanda chake usikiweke upande wa baharini, hawezi kulala akisikia maji. Hatakuja na polisi, wala hataki umlipe kitu. Amesema hivyo mwenyewe. Nikasikitika kidogo, maana mimi ningetaka.

Wasalimie Valerian na wasichana. Siku hiyo usiwatume dukani, wakae mezani pamoja nanyi. Ustinya amenituma nikuulize mapema, ili usije ukasema umeshtukizwa na ukaanza kutafuta maneno: anataka kujua kama Senka aliita, na kama aliita, alimwita nani, na wewe ulikuwa umesimama umbali gani.

Mimi dada yako,
Kapitolina